Medali ya Nne

Barua ya jeshi ilisema medali tatu. Fundi alipolifungua kasha juu ya meza ya cherehani, akazihesabu nne.

Alikuwa amehangaika miaka miwili kuzipata. Baba yake, sajini, alirudi kutoka vitani peke yake katika kikosi cha watu kumi na wawili, akazeeka na kufa bila kwenda kuchukua alichotunukiwa. Watoto wakimuuliza, alibadili mazungumzo. Sasa mama naye yuko kitandani mwaka wa tatu, miguu imekufa ganzi, na fundi, binti yake, alitaka azione nishani za mumewe kabla macho nayo hayajapofuka. Akazungushwa weee: leta cheti cha kifo, leta cha ndoa, mkubwa yuko mkutanoni, njoo Jumatatu. Karani wa ofisi ya kumbukumbu alimzoea mpaka wakawa wanaulizana hali za nyumbani.

Ile ya nne haikuwa na utepe wala maandishi. Ilikuwa nyeusi, na baridi kama kitu kilichotolewa kisimani. Mama alizipapasa moja moja, alipoifikia ile akauvuta mkono.

"Hii si ya baba yako. Irudishe."

"Mama, watu wale hata karatasi ya ziada hawakupi, watakupa medali?"

Akazishonea zote kwenye kitambaa cha mahameli, akazitundika sebuleni.

Kesho yake saa nane mchana, jua linawaka nje, fundi anashona sare za shule, pua ikamletea harufu ya tope bichi na baruti. Akadhani ni mfereji wa jirani. Kisha akasikia buti zikitembea kwenye sakafu ya saruji, polepole, zikitokea upande wa ukutani zilipotundikwa medali, zikaja zikasimama nyuma ya kiti chake. Aliondoa mguu kwenye kanyagio. Hakugeuka. Kitu kilikuwa kinapumua juu ya utosi wake, pumzi za mtu aliyekimbia sana, na harufu ile ikazidi hadi akaionja ulimini, na buti zikaondoka tena, zikapita mlangoni, zikaingia chumbani kwa mama, na kutoka humo ikasikika sauti nzito ya kiume ikisema, "Nipo, afande."

Alipofika mlangoni alimkuta mama amesimama. Mama ambaye hajasimama miaka mitatu, amenyooka katikati ya chumba kama askari gwarideni, mikono ubavuni, kidevu juu, machozi yanamtiririka na mdomo unacheka.

Fundi alimkimbilia mganga wa mtaa wa pili, aliyeitwa Mzee Kimya kwa sababu maneno yake yalitoka kama dawa ya matone. Alikuja na bakuli la maji, akasoma dua yake, akamnyunyizia mama usoni.

"Wewe ni nani?" akanong'ona.

"Mwenzake sajini," ile sauti ikajibu. "Siku waliyozingirwa aliniita. Nikawachukua kumi na mmoja, nikamwachia yeye pumzi. Aliniahidi nyumba. Vita vilipokwisha akanifungia kwenye kabati la chuma la ofisi ya kumbukumbu pamoja na medali zake, akaenda zake. Binti yake amekuja kunisainia nitoke."

Mzee Kimya akamgeukia fundi. "Ulisaini?"

"Karatasi tatu."

"Basi mwenyeji wake ni wewe. Mimi nitamtoa mwilini mwa mama. Kumtoa humu ndani ni kazi yako. Mrudishe ulikomchukua, na kila alichokuja nacho."

"Hata za baba?"

"Amezishika."

Mdomo wa mama ukacheka tena. "Binti, niache nikae. Mama yako atatembea. Atakwenda sokoni mwenyewe. Nikitoka, miguu naondoka nayo."

Fundi aliitazama ile miguu. Ilikuwa imesimama imara, nyayo zote mbili chini, na ni kweli kwamba kwa muda mfupi, jambo ambalo hakumwambia mtu baadaye, alifikiria kukubali. Ndipo chini ya ile sauti nzito ikapenya nyingine, nyembamba, ya mama mwenyewe.

"Mwanangu. Nilaze."

"Mtoe," fundi akasema.

Mzee Kimya akammwagia mama maji yote yaliyobaki. Mama akaanguka mikononi mwa binti yake, mzito, miguu imelegea kama zamani. Usiku ule fundi akazifumua medali zote, akazirudisha kashani.

Asubuhi fundi alikuwa ofisini. Karani alilifungua kasha, akalifungua na daftari.

"Dada, sisi tulikupa tatu. Sahihi yako hii hapa. Hii nyeusi si yetu."

"Zipokee zote. Nakuomba."

"Watu wanalia kuzipata, wewe unarudisha?"

"Baba aliziacha hapa kwa makusudi. Mimi ndiye sikujua."

Karani alitikisa kichwa, akamwandikisha, fundi akasaini. Akamwona akiliingiza kasha kwenye kabati la chuma, akamshukuru, akatoka. Alikuwa katikati ya ujia karani alipomwita.

"Dada, umemsahau mzee uliyekuja naye. Amesimama hapa kabatini."

Fundi alikuwa amekuja peke yake.

"Kaka, lifunge hilo kabati," akasema bila kugeuka. "Lifunge sasa hivi."

Alisubiri sauti ya ufunguo. Haikuja. Kilichokuja ni buti, hatua mbili, kisha sauti ya karani, ya heshima, iliyoanza kuwa nzito.

"Nipo, afande."

Ujia ulikuwa mrefu. Fundi alisimama pale, mkono ukutani, akiutazama mlango wa nje uliojaa jua. Kisha akageuka, akarudi ndani kumfuata karani.