Usikate Mzingile

Mke wa fundi marumaru alianza kushuku siku ya tatu ya ile kazi ya kukarabati sakafu. Mumewe, ambaye wenzake walimwita Timazi kwa kupenda vitu vinyooke, alitoka kuoga mchana ule, akaizunguka meza mara tatu ndipo akavuta kiti. Na bado alinuka saruji mbichi.

"Mume wangu, unatafuta nini?"

"Nakaa," akajibu, macho kayakaza sakafuni.

Haya, mwanamke wa watu afanye nini? Miaka kumi na minne ya kuishi na fundi ilikuwa imemfundisha kwamba kigae hugongwa, na kisichoshika vizuri hulia utupu. Akajifanya anampangusa vumbi, akamgonga mgongoni kwa vifundo vya vidole. Ko, ko. Ndani ya mtu yule hamkuwa na kitu. Mama wee!

Mbio hadi jengo la sala ambalo mumewe alikuwa akilikarabati. Mtunza jengo, bibi mwenye ulimi mkali, akamwonyesha sakafu: njia moja nyeupe, imejikunja na kujikunja hadi katikati.

"Huu ni mzingile. Hauna njia panda, hupotei. Watu wa kale waliuchora mlangoni kunasa majini, maana jini hajui kukata njia. Waliokuja baadaye wakautembea wakisali: unaingia na mzigo wa moyo, unautua katikati, unarudi ulikopita. Mumeo nilimwonya asikate mistari, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Simu ikamlilia akiwa katikati, akaruka mistari kama mbuzi!"

Mke akainama. Simu ile aliipiga yeye, kumhimiza aje kula. Roho ilimuuma.

"Aliyetoka siye wako, ni jini aliyevaa sura yake," bibi akanong'ona. "Wako yumo bado. Mlete huyo, mfikishe katikati, umwache. Wako atakufuata nyuma. Ila ukikata mstari hata mmoja, humpati tena."

Binti yao wa miaka saba wakamwacha nyumbani, kajifungia kwa ndani, kaambiwa asimfungulie mtu ila mama au baba. Yule kiumbe akadanganywa kuwa kuna kigae kimelegea, na kwa kuwa alijifanya fundi, angekataaje? Wakaingia, wakazunguka hadi katikati, mke akamwachia mkono na kugeuka.

Nyuma yake akasikia nyayo. Si za mtu mmoja, za wawili, moja nzito yenye kuhema anakokujua kitandani, nyingine nyepesi, na njia ikamleta karibu kabisa na mlango, hatua moja tu, kabla ya kumrudisha tena ndani kwa mizunguko mingine minne, na hapo hapo zile nyayo nyepesi zikakimbia, zikaruka, zikatua nje ya mstari.

Mwenye nyayo hizo alikuwa na uso wa mumewe. Akatabasamu, akatoka mlangoni, akashika barabara ya nyumbani.

"Amejifunza kuruka!" bibi akapiga yowe. "Mumeo kamfundisha aliporuka!"

"Mwanangu!" Mke akainua mguu avuke.

Mkono ukamshika gauni kwa nyuma. "Usikate, mke wangu," sauti ya mumewe ikamlilia. "Utaniacha humu."

Alisimama na mguu hewani, analia. Na kule nyumbani, binti alisikia hodi, akachungulia dirishani, akamwona baba yake, akaburuta kigoda afikie komeo.