Mbuzi ya Kufunga Mlango

— Bakikuuliza kama uko na mchumba, weye sema hapana.

Mwiko wangu ukasimama ndani ya bugali. Nilikuwa jikoni, na wao wawili walikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, penye kivuli. Sauti ya Étienne naijua vizuri. Ni mchumba wa binti yangu.

— Nitasema hapana namna gani? Ornella akauliza. Baba yako mudogo alitoka Katogota na mbuzi. Mlango umefungwa. Mtaa wote wa Songo unajua.

— Songo haitakuwa mu ile salle ya kuhojiwa. Sikia minye. Ile jury ya chuo inaogopa mabinti wenye wamechumbiwa. Inasema wataolewa, watazaa, kisha wataacha kiti wazi mwaka wa pili. Nafasi wanamupa mwingine.

— Na weye siku ile utakuwa wapi?

— Bukavu. Niko na mitihani ya kusahihisha.

Nikaendelea kusonga bugali, lakini ilikuwa imeshika chini.

Ornella ni mtoto wangu wa pekee. Tangu baba yake, Mathieu, alale usingizi wa mwisho, ni mimi na yeye na Mungu. Alimaliza sekondari, mchepuo wa bio-chimie, akapita Examen d'État, mtihani wa taifa, kwa asilimia ambayo shule yake ilikuwa haijaona kwa msichana. Alitaka kitu kimoja tu: kile chuo cha udaktari huko Bukavu, kinachoombwa na mamia na kuchukua wachache. Étienne ni assistant, mwalimu msaidizi, hapo hapo. Mwaka ule jury ilikuwa inashuka yenyewe mpaka Uvira kuwahoji watoto wa huku ziwani.

Tulipoketi kula, nilimnawisha mikono Étienne, kisha nikamwambia:

— Monsieur Étienne, Petro alimukana Bwana wake mara tatu, na alilia mpaka asubuhi. Weye uko namuanzisha mutoto yangu na mara ngapi?

Alikuwa amezoea nimwite mukwe. Mkono wake ukabaki ndani ya sahani.

— Mama mukwe, si kukana. Ni hekima kidogo tu.

— Hekima yenye inaanza na kudanganya, minye siijue.

— Mama, Ornella akasema polepole, muache ale.

Alikula. Mimi nilimwangalia.

Asubuhi, Mama Blandine alikuja kuomba moto. Yeye ni jirani yangu, tunauza ndakala, dagaa wa ziwani, pamoja sokoni, na mdomo wake hauna kifuniko. Alisimama mbele ya ile mbuzi iliyofungwa kwenye mti wa mpapai.

— Ile mbuzi mutaikula lini? Bantu banaanza kufikiri ni mutoto yako wa pili.

— Niko nangojea shemeji yangu ashuke kutoka Bijombo.

— Weye mwanamuke, shemeji yako hata kwa kilio cha bwana yako hakushuka.

Alisema kweli. Kwetu, mbuzi ya kufunga mlango inachinjwa juma lile lile. Ikiliwa, binti ni wa walioileta, hakuna mwingine wa kupiga hodi. Ikibaki na uhai, bado inaweza kurudishwa. Sikuwa nimeichinja. Kitu fulani ndani yangu kilikuwa kinasema: ngoja.

Nikamweleza yale niliyosikia jikoni. Mama Blandine akaweka kaa la moto chini.

— Sikia minye dada yako. Mwanaume mwenye anakubali bamukane hapa Uvira, iko na mahali pengine penye bamujua. Huko Bukavu kuko muntu.

— Usiseme vile.

— Minye nimesema. Weye omba.

Niliomba. Lakini hata nikifumba macho nilimwona Étienne akitembea na mwanamke nisiyemjua.

Siku mbili kabla ya jury, simu ya Ornella ililia. Aliweka haut-parleur, sauti itoke nje, sababu alikuwa anachambua mboga.

— Chérie, uko najifunza?

— Niko najifunza. Niulize kitu.

— Hapana, usijichokeshe. Kumbuka tu ile neno.

— Étienne, kila siku ni ile neno. Kwanini hauniulize chimie?

Kabla hajajibu, tukasikia sauti ya mwanamke nyuma yake, karibu kabisa, sauti tamu iliyozoea:

— Étienne, uko nakawiya. Niko nakungojea minye.

Simu ikakatika.

Ornella aliendelea kuchambua mboga. Alichambua na majani mazuri, akayatupa.

— Ni nani yule? nikamuuliza.

— Ni muntu wa kazi, Mama.

— Muntu wa kazi iko namungojea saa ya chakula?

Baadaye simu ikatoa mlio. Alisoma, akanipa bila neno, nami nikasoma herufi kwa herufi: «Samahani, reseau ilikata simu. Kesho kutwa usinipigie, nitakuwa mu mukutano siku nzima. Nakupenda. Usisahau.»

— Mama, Ornella akasema, kama iko na mwingine, sitaki nijue kabla ya jury. Nitajua nyuma.

— Basi tutajua nyuma. Lala.

Siku ya jury tulienda na miguu mpaka ile salle, ukumbi wa parokia. Walikuwa wanaita kila mtoto pamoja na mzazi wake. Mzazi anakaa nyuma kwenye benchi na hafungui mdomo. Nilivaa kitenge changu cha kanisani. Walipoita jina letu, Ornella alitangulia. Akafika katikati ya salle, akasimama kama mtu aliyekanyaga kitu.

Mezani kulikuwa na watu watatu. Katikati, mama mzee mwenye nywele nyeupe, miwani imefungwa na kamba shingoni. Kulia, mwanaume wa miwani mizito. Kushoto, na kravati nyekundu niliyoipiga pasi mimi mwenyewe alipokuja kwetu, Étienne.

— Karibu mutoto, yule mama mzee akasema. Minye ni Docteur Agnès. Huyu ni Professeur Ezéchiel. Huyu ni assistant wetu. Étienne, fungula dirisha kwanza. Uko nakawiya, joto linatuua.

Damu yangu ikarudi mahali pake. Ni ile sauti ya kwenye simu. Mwanamke wa Bukavu alikuwa bibi kizee. Nikasema ndani ya moyo: Bwana, nisamehe, na umsamehe Mama Blandine. Lakini neno halijaisha kupita, nikajiuliza tena: kama hapa hakuna dhambi, kwanini alituambia atakuwa Bukavu?

Docteur Agnès akaanza.

— Bamekuletea mutoto mwenye iko naharisha, ameisha kukauka midomo. Mama yake anasema bamemuloga. Utaanza na nini?

— Na maji, Docteur. Maji ya chumvi na sukari, kama hakuna serum. Sitabishana na mama. Mutoto akiisha kunywa, akilala vizuri, njo nitamuuliza mama ni nani alimuloga.

Professeur Ezéchiel akacheka puani. Akauliza mambo ya chimie ambayo mimi siyajui, na Ornella akajibu bila kubabaika. Nilikuwa naangalia mabega yake. Yalikuwa yananyooka kwa kila jibu.

Ndipo Étienne akafungua mdomo.

— Mademoiselle, moyo wa muntu uko na vyumba ngapi?

Hata mimi, niliyefika darasa la sita, swali lile nililisikia pale shuleni. Professeur Ezéchiel akageuza kichwa, akamtazama assistant wake. Ornella pia alimtazama. Alimtazama muda mrefu kuliko swali.

— Vinne, akasema. Hata batoto ba primaire banajua.

— Muzuri, muzuri sana, Étienne akasema haraka, kama mtu anayempigia makofi mtoto anayejifunza kutembea.

Docteur Agnès akavua miwani.

— Mutoto, neno la mwisho. Tunawauliza mabinti wote. Uko na mchumba?

Étienne akaangalia meza. Ornella akageuka kidogo, akanitafuta kwenye benchi. Nilitaka kutikisa kichwa, na sikujua nikitikise namna gani. Kile chuo ndicho alichokuwa anaombea tangu mdogo, usiku na mchana. Nikainamisha macho, nikamwachia Mungu na yeye.

— Niko naye, Docteur.

— Na atakuacha usome?

— Hiyo mumuulize mwenyewe. Iko anaikala hapo pembeni yenu.

Nje, mwuza maji alipita na kengele yake, akapita kabisa, akaenda.

— Étienne, Docteur Agnès akasema. Ni kweli?

— Ni kweli.

— Asubuhi niliuliza hapa: kuko muntu mwenye iko na ndugu ao rafiki mu aba batoto? Ulinijibu nini?

— Nilisema hapana.

— Kwanini?

Alijifuta paji la uso.

— Docteur, nafasi yake ilikuwa kidogo. Batoto ba Bukavu biko na masomo makubwa, biko na maabara. Huyu ni mutoto wa Songo, kichwa yake ni ya kusoma mu kitabu tu. Nilijua bila minye hataingia. Nilitaka kumusaidia bila yeye mwenyewe kujua.

Nilidhani Ornella atalia. Hakulia.

— Étienne, ile nafasi yangu uliipimia wapi? Hata siku moja haukuniuliza swali. Nilikuomba chimie kwa simu, ukaniambia nisijichokeshe. Nilifikiri uko na mwanamuke mwingine. Ingekuwa afazali.

— Ornella...

— Toka inje, Docteur Agnès akasema. Na usisimame karibu na dirisha.

Alitoka. Mlango ulijifunga kwa upepo.

Professeur Ezéchiel akafunga mikono kifuani.

— Sasa tumebaki wawili, na sheria yetu ni tukubaliane wote. Minye niko na mashaka. Nilikuwa namukubali huyu binti. Lakini kama bwana yake ni wa kwetu, nitajuaje ile majibu ni yake? Labda alimufundisha yote.

— Alinifundisha neno moja tu, Professeur. Kusema hapana. Na limenishinda.

Docteur Agnès aliangalia pembeni ili asicheke. Professeur hakucheka. Alisogeza kiti mpaka magoti yake karibu yaguse meza, akaanza kumuuliza mambo mapya, moja juu ya lingine, mpaka nikaona Ornella amefika mwisho wa anayoyajua.

— Hiyo siijue, akasema.

— Sema hata kidogo.

— Professeur, nikisema nitabahatisha. Na mutoto mugonjwa yenye bameleta haiko ya kubahatishia.

Professeur akamtazama mwenzake.

— Hiyo, akasema, assistant hakuifundisha. Hata yeye mwenyewe bado hajajifunza.

Tulitoka bila kujua. Étienne alikuwa amesimama barabarani, kravati mkononi. Tulimpita.

Jumapili, baada ya ibada, simu ililia. Nilipokea mimi.

— Ni mama ya Ornella? Ni Agnès. Tumemukubali. Sisi wote wawili. Na umwambie: masomo tunaanzia ku mlango wa chumba cha maiti, ale vizuri kabla ya kuja.

Nilikaa chini kwenye udongo na kitenge changu cha kanisani. Ornella alidhani nimeanguka.

Jioni ile Étienne alikuja na baba yake mdogo wa Katogota, mzee mnyenyekevu aliyeshika kofia kifuani. Walikuwa wamesikia. Walikuwa wamesikia pia kwamba Étienne ameondolewa kwenye jury, na kwamba chuo bado kinafikiria kitamfanya nini.

— Mbuzi ni ile pale, nikasema. Haijaguswa. Mukitaka, kamba ni ya kwetu lakini muende nayo.

— Mama mukwe, sikukuja kuchukua mbuzi, Étienne akasema.

— Ulikuja kuchukua nini?

Alimgeukia Ornella.

— Niliogopa. Nilijisemea ukishindwa, utaniangalia maisha yote na kufikiri ni minye nilikuzuia. Ile macho niliiogopa kuliko jury.

— Uliogopa macho yangu, Ornella akasema, haukuogopa kunidharau. Ile swali ya moyo, Étienne. Mbele ya mama yangu.

— Nisamehe.

— Nimekusamehe. Ni mambo ya Mungu, siwezi kubaki nayo. Lakini kukuamini ni kitu kingine.

Mzee wa Katogota akakohoa.

— Binti, basi utuambie. Mlango uko wazi ao umefungwa?

Ornella alikwenda kwenye mpapai, akafungua kamba, akaiweka mkononi mwa Étienne.

— Chukua mbuzi yako. Uende nayo Katogota, uichunge weye mwenyewe kila likizo, si baba mudogo. Siku nitamaliza mwaka wa kwanza, ukiwa ungali unanitaka, uilete tena. Hii, hapana nyingine.

— Na huko chuo tukionana?

— Utanisalimia kama wengine. Uliipima nafasi yangu, ukaikuta kidogo. Sasa minye njo nitapima ya kwako.

Nilimwomba Étienne aningoje kidogo. Nikaishika ile mbuzi kichwa, kama mtu anayeiaga, nikaingia nayo nyuma ya jikoni, kisha nikamrudishia. Walishuka barabara ya Songo, yeye na suruali yake ya kazi, mbuzi ikigoma kila hatua tatu, na Mama Blandine amesimama mlangoni kwake akishika mbavu kwa kicheko.

Mwaka ulipita. Ornella alipita nao, na distinction, alama za juu. Alikuwa nyumbani kwa likizo, tunachambua ndakala, niliposikia mbuzi inalia njiani. Étienne alikuwa amekonda. Alikuwa na vumbi la Katogota mpaka magotini, na yule mzee nyuma yake na kofia kifuani.

— Mama, akasema. Hakuthubutu kuongeza mukwe. Kisha akaendelea: Niliichunga.

— Mbuzi zote zinafanana, Monsieur Étienne.

Nikaisogelea. Nikashika sikio la kushoto, nikaligeuza ndani. Ile alama ndogo niliyoikata na wembe nyuma ya jikoni ilikuwa pale, imepona, imeota manyoya pembeni.

Ornella aliniona. Alielewa, akaweka mkono mdomoni. Étienne hakuelewa kitu. Alikuwa anamtazama yeye tu.

— Mutoto yangu, nikamuuliza, nafasi yake unaionaje?

Alimtazama Étienne, viatu mpaka kichwa, bila haraka.

— Si kidogo, Mama.

— Basi mukwe, ingia ndani, unawe. Ornella, umuite Mama Blandine aje na sufuria kubwa. Na weye mwenyewe ulete kisu.