Kitambaa Kwenye Shina la Mulembwe

Saa kumi alasiri, mwezi wa saba, huwezi kuteka maji kule bondeni bila kugongana na mtu. Nusu ya Likasi inatoka kazini na kushuka moja kwa moja kijitoni: makarani wameshika viatu vya ofisi mkononi, wachuuzi wa soko, akina mama wamekunja vitenge hadi magotini. Kila mmoja ana tuta lake la kiangazi, mboga za kula nyumbani, na kila mmoja anataka maji kabla jua halijazama kwenye moshi.

Carmen Kabedi alikuwa amevaa gauni la kitenge cha manjano, na juu yake sweta ya kaka yake, kwa sababu baridi ya mwezi huo haina adabu. Kutwa nzima alikuwa amepiga fotokopi mjini. Sasa ndoo yake mpya ya kumwagilia ilikuwa inamwagilia miguu yake.

"Mwenye kutengeneza hii arrosoir alikuwa na usingizi," alisema, bila kumwambia mtu.

"Alikuwa na njaa," ikajibu sauti nyuma yake. "Usingizi ilikuya kisha."

Akageuka. Kijana mrefu, ovaroli ya bluu imetobolewa na cheche, anazuia kicheko.

"Unamujua?"

"Sana. Njo minye. Casimir. Atelier yetu ya kuunga mabati iko pale kwa gare ya treni."

Carmen hakutabasamu. Alimpa ndoo. "Basi, beba weye."

Casimir akabeba, safari kumi na mbili, suruali imelowa chapachapa. Kesho yake alirudi ameziba tundu, na kesho kutwa akarudi bila sababu yoyote. Wiki ya pili alikuwa amemwomba Mama Noëlla, mzee wa tuta la jirani, ampe kipande ambacho mgongo wake ulikuwa umekataa kukilima. Alipanda nyanya na mchicha wa lengalenga. Hakuwa anajua lolote, na alilijua hilo.

"Unapanda karibu karibu hivi juu ya nini?" Carmen alimuuliza.

"Zipashane moto. Iko baridi."

Siku ile ndipo Carmen alipocheka mara ya kwanza, na tangu hapo alimpenda. Sitazunguka kulisema. Nyanya ya kwanza ya tuta la Carmen walikula pale pale, ina joto la jua bado, maji yake yanateremka hadi kwenye viwiko, wote wawili wamekaa kwenye udongo mwekundu. Moshi wa moto wa majani ulikuwa umelala bondeni, na watu waliokuwa wakipita na ndoo zao walionekana kama wanatembea usingizini.

Mwezi wa nane, kazi ikampeleka Carmen Lubumbashi siku nane kujifunza mashine mpya.

"Nitamwangia mboga yako maji," Casimir aliahidi. "Weye lala tu."

Kila jioni simu ililia.

"Chéri, mboga iko inakunywa?"

"Inakunywa, inalomba tena, kisha inaniuliza Carmen iko wapi."

"Unaiambia nini?"

"Naiambia hata minye niko nangoja."

Jioni ya sita sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyeshiba. "Leo nilikulya muzuri, mupenzi. Mama Noëlla anasema huku kwa bustani, mwenye kumwanga maji siku tatu iko na haki ya kuvuna. Niling'oa zile tano za mwisho, zenye kitambaa. Nilipika na samaki, na bukari ya mahindi."

Carmen alikaa kitandani kwa shangazi yake. "Zenye kitambaa?"

"Ee. Si ulifunga juu ya kusema zimeisha kukomaa? Kwetu atelier, kintu yenye kuisha kutengenezwa tunafungaka kitambaa, mwenyewe akuye abebe."

"Casimir, kwa bustani kitambaa ni kusema usivune. Ni ya mbegu. Ile ni mulembwe, mboga ya kuteleza, nkambo wangu, mama ya mama, alitoka nayo Kasai wakati bwana yake alikuya kazi ya mine, kuchimba shaba. Akaachia mama. Mama akaniachia minye. Ilikuwa ile tano tu."

"Sikujua..."

"Ulikulya yote?"

"Yote."

Akakata simu. Mama yake alikuwa amekufa mvua iliyopita, na katika vitu vyote alivyoacha, vitenge na sufuria na Biblia, kilichokuwa hai ni mimea ile mitano. Carmen alilia mpaka shangazi akaacha kuuliza.

Aliporudi bondeni alipita mbele ya Casimir akitazama ndoo yake.

"Carmen."

"Bonjour, monsieur," alijibu, kama anavyojibu wateja.

Wiki mbili zikapita hivyo. Casimir alikonda. Mwishowe Mama Noëlla akamhurumia.

"Mama yake Carmen alikuwaka anabadirisha mboga na samaki, kila kipwa, wakati mvua haiko," alisema. "Kwa Orpha, muuza samaki, kule ziwani Tshangalele. Uende uulize. Kukaa hapa unaangalia nyanya haitakusaidia."

Jumamosi alfajiri akapanda pikipiki.

Kesho yake saa kumi, watu wamejaa kijitoni kama kawaida, Casimir akateremka. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na vumbi jekundu la jana lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Akamnyooshea Carmen fundo la kitambaa, lenye harufu ya samaki mkavu.

Carmen alifungua. Mbegu ndogo, kiganja kimoja. "Ulitoa wapi?"

"Kwa Mama Orpha. Iko nayo nyuma ya nyumba. Alinilyisha kwanza, anasema mwenye kuila sharti aipande." Akapangusa vumbi kwenye nyusi. "Mama yako alimupatia mwaka ya mwisho, tayari iko mugonjwa. Alimuambia: Carmen iko na moyo ya kugawa. Siku moja mbegu itaisha kwake. Ikiisha, iko kwako, umuchungie."

Carmen akaketi chini, gauni la Jumapili na yote. Alicheka huku machozi yanamtoka, na hakujificha kwa mtu yeyote. Mama yake alikuwa amemjua vizuri hivyo.

Alizifunga mbegu kwenye kona ya kitenge chake. Kisha akalishika lile fundo tupu, akararua ukanda mmoja, akamfunga Casimir kwenye kifundo cha mkono, polepole, jinsi mama yake alivyofunga mashina.

"Hii maana yake sasa unaijua," alisema.

"Haivunwe," Casimir akasema. "Inabakia."

"Inabakia."

Nyuma yao mtu aliguna kwamba wanazuia maji. Hawakusogea.

"Jumamosi ijayo nitakuya na baba kujipresenter kwa baba yako, Papa Kazadi, tuongee ndoa," Casimir alisema.

"Mukuye," Carmen akajibu, akifuta uso kwa mkono wenye udongo. "Lakini mboga nitavuna minye."