Ruta Ndani ya Kabati

Stendi ya Kayanga siku ya gulio haimfai mtu mwenye pua. Moshi wa mabasi, dagaa wakavu, maganda ya ndizi yanayooza, na wanaume wazima wanaotema mate popote. Joviana alipita katikati ya uchafu huo ameinua pindo la gauni lake la kitenge cha bluu, midomo kaibana, akaingia duka la simu. Humo namo muuza duka alikuwa akichokonoa meno kwa njiti, na kwa mkono uleule akampa ruta ya kusambazia intaneti.

"Hii ina antena nane, dada. Kiboko!"

Joviana aliishika kwa ncha za vidole. Alikuwa akifundisha wageni Kiswahili kwa video akiwa nyumbani kwao Kituntu, na wanafunzi walishaanza kumkimbia kwa sababu sura yake iliganda kila dakika.

"Unanunua ruta au nungunungu?" sauti ikauliza nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe, pasi imenyooka, manukato kupita kiasi.

"Na wewe, umejipaka hayo manukato au ulitumbukia ndani?"

Kijana akacheka. Aliitwa Cassian, mzaliwa wa Muleba, mtumishi katika ofisi za wilaya kule Rubwera.

"Antena nyingi hazileti mtandao," alisema. "Kwanza ujue laini gani inashika kwenu."

"Nimezunguka nyumba nzima na laini mbili kama mwendawazimu. Moja inashika dirishani sebuleni."

"Basi chukua ile ndogo yenye masafa mawili. Ya kasi utumie ukiwa chumba hichohicho, yale ya polepole yanapenya ukuta. Uiweke juu, mahali pa wazi."

"Na namba yako niiweke wapi?"

"Sijakupa."

"Utanipa."

Akampa.

Ruta ndogo ikakaa dirishani, wanafunzi wakarudi, na jioni zote zikawa za Cassian. Maongezi yao, kusema kweli, yalitia kichefuchefu.

"Umekula, asali wangu?"

"Nile vipi bila kukuona, kipenzi?"

"Mwongo! Nakusikia unatafuna."

"Natafuna jina lako."

Mtu mzima, mtumishi wa serikali, anatafuna jina! Na Joviana, mwalimu, akachekelea.

Ikafika siku ya Cassian kumsalimia mama kwa video, kabla hajatuma wazee wake kujitambulisha. Mama yake Joviana, Placidia, alikuwa mjane anayesifika kwa usafi. Alideki, akatandika vitambaa vya kufuma kwenye viti vyote. Halafu akaitazama ruta. Kitu kinacholeta mkwe kikae dirishani kama kipande cha sabuni? Joviana akiwa chumbani anavaa, mama aliihamishia kwenye kabati la vioo, nyuma ya masinia, katikati ya vikombe vya harusi yake, akaifunika kitambaa kizuri kuliko vyote.

"Shikamoo, mama," Cassian alisema kwenye simu.

"Marahaba, waitu, wetu wewe. Huku msimu umefika, mwanangu. Tazama!"

Akainua sahani ya senene, panzi wa msimu, waliokaangwa kwa vitunguu, wanang'aa kwa mafuta yao. Picha ikaganda. Pua ya Cassian imekunjwa, mdomo umepinda, macho yamegeuka pembeni. Ikakaa hivyohivyo muda mrefu, kisha simu ikakatika.

"Mawe! Mama yangu wee!" Placidia alisema, akaweka sahani chini. "Ananitazama kama nimempa kinyesi."

Cassian akapiga simu ya kawaida. "Mpenzi, mtandao umekata..."

"Umemkunjia mama pua."

"Mimi? Nilikuwa napiga chafya!"

Joviana alikata. Mhaya wa Muleba achukie senene, chakula cha kwao? Haiwezekani. Basi aliyemtia kinyaa ni mama mwenyewe, na mikono yake ya jembe, na nyumba yao. Alilia wiki nzima. Alimpenda mwanamume huyo, lakini asingeolewa na mtu anayemdharau mama yake. Wanafunzi walikuwa likizo ya Krismasi, kwa hiyo hakuna aliyeikumbuka ruta.

Cassian akaja kwa bodaboda, tope jekundu hadi magotini.

"Umefuata nini?" Joviana alimuuliza mlangoni.

"Nimekuja kujitetea. Hivi, ruta iko wapi? Mbona dirishani hakuna kitu?"

Placidia akafungua kabati kwa maringo, akainua kitambaa.

Mende wakamwagika. Walikuwa wamefuata joto, wakajaa kwenye matundu ya ruta, wakubwa kwa wadogo, na sasa walitiririka juu ya vikombe vya harusi. Placidia akapiga ukelele. Joviana akaziba mdomo. Cassian aliichomoa ruta, akakimbia nayo hadi migombani, akaikung'uta, akanawa mikono mara mbili.

"Vioo, masinia, kitambaa," alisema akirudi. "Mtandao ungepita wapi? Ndiyo maana niliganda katikati ya chafya."

Placidia, kwa aibu ya mende wale, alikuwa tayari kuamini lolote. Akaleta sahani ya senene. "Basi kula, mwanangu. Yaishe."

Cassian akaitazama. Pua ikajikunja, mdomo ukapinda, macho yakageuka pembeni.

"Hiyo nayo ni chafya?" Joviana aliuliza.

Cassian akasema, "Siwezi senene. Walinitapisha utotoni hadi nikalazwa. Mhaya mzima, nitamwambia nani? Kila mahali nasema nimeshiba."

"Na mimi nimelia wiki nzima nikidhani unatuonea kinyaa sisi. Ulijua?"

"Nilijua."

"Kinyaa chako ningekivumilia, Cassian. Uongo wako ndio unaonichefua."

Placidia akachukua senene mmoja, akamtafuna taratibu. "Marehemu baba yako hakugusa nyama ya mbuzi maisha yake yote, na tulizaa. Wewe kijana, kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utaninyima binti yako, mama."

"Ningekukaangia mayai!"

Cassian akamgeukia Joviana. "Niwatume wazee?"

Joviana alinyoosha kidole kuelekea dirishani.

"Watume. Lakini waje wenyewe, sitaki ya simu. Na wewe utakaa pale penye mwanga, mbele yangu. Siku ukinikunjia pua, uniambie sababu kabla hujapata muda wa kuitunga."

Cassian akasogeza kiti penye mwanga, akakaa.