Shati Ndani Nje

Saa sita mchana lifti ilishiba watu hadi mlango ukagoma kujifunga. Fundi cherehani, gauni la njano mwilini na utepe wa kupimia shingoni, akajikuta kabanwa mbele ya kifua cha mwanamume mrefu. Wengine wangeona kifua. Yeye aliona mishono.

"Kaka, shati umelivaa ndani nje."

Mwanamume akajitazama, akaangua kicheko hadi lifti nzima ikageuka. Kufikia wiki iliyofuata Fundi alikuwa ameshambatiza jina la Twiga, na mapenzi yamenoga.

Jambo moja tu lilimkera. Kila siku saa sita Twiga alipotelea ghorofa ya tano, eti kuna kazi. Siku moja Fundi akampigia simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kazini, roho yangu."

Nyuma yake ikasikika sauti laini ya kike: "Weka simu, ulaze kichwa. Nakuja."

Damu ikamchemka. Fundi akapanda ngazi mbilimbili hadi ghorofa ya tano, kiganja tayari kwa kofi, akasukuma mlango.

Akapigwa na butwaa. Twiga alikuwa kwenye kiti kama cha kinyozi, kavaa kofia ya kitambaa yenye alama za kalamu. Chombo kizito kilimgusa kichwani, kikigonga ta-ta-ta kama cherehani iliyokauka mafuta, na unyusi wake mmoja ukirukaruka.

"Mnampiga shoti! Mwacheni!"

Muuguzi, mwenye sauti ile ile laini, akazima mashine. "Si shoti, dada. Ni sumaku, inaamsha sehemu ya ubongo iliyozubaa. Tunamtibu sonona."

"Sonona? Huyu mcheshi wangu?"

"Miezi minane sikutoka kitandani," Twiga akasema, macho chini. "Vidonge vilishindwa. Niliogopa ukijua utaniacha. Sasa naogopa zaidi. Labda uliyempenda si mimi, ni kazi ya mashine hii."

Fundi akashusha kiganja.

"Nimwonyeshe?" muuguzi akauliza. Twiga akaitikia kwa kichwa. Faili likafunguliwa kwenye fomu ya siku ya kwanza, iliyojazwa kabla mashine haijamgusa. *Mara ya mwisho kucheka ni lini?* Chini yake, kwa mwandiko unaotetemeka: *Dakika tano zilizopita, kwenye lifti.*

Fundi akalia bila aibu, akajifuta kwa utepe wake.

"Zimebaki siku ngapi?"

"Kumi."

Akavuta kiti, akamshika Twiga mkono. "Endelea, dada. Harusini namtaka mzima, na shati nitamvalisha mwenyewe."