Jiwe Linalozunguka Kifuani

Umeme ulikatika mchana, kama ilivyo kawaida ya mji wa Sialkot, Pakistan, siku za joto, na mawe yote ya kunolea mikasi ya hospitali katika kichochoro kile yakanyamaza kwa pamoja. Nasrin alikuwa anakanda unga wa chapati. Ndipo akasikia jiwe moja bado linazunguka.

"Baba Mahnur, umeme umerudi?"

"Urudi wapi? Hata feni imekufa," mumewe, Ghafur, alijibu kutoka chumba cha mbele, ambacho ndicho kilikuwa karakana yao. "Niletee sukari guru."

Akampelekea. Mawe yote mawili yalikuwa yamesimama: lile kubwa la mikasi ya kukatia mifupa, na lile dogo la mikasi ya macho, lenye mlio mwembamba kama wa mbu. Ghafur alikuwa ameegemea ukuta, uso umemjaa vumbi la kijivu linalometameta. Mlio ulitoka kwake. Alipomeza sukari ukakatika, alipovuta pumzi ukaanza tena.

Tangu siku hiyo mambo yakaharibika. Mto aliolalia Ghafur ulinuka chuma cha moto. Chai aliyoibakiza ukiionja ilikuachia ladha ya sarafu ulimini. Mwenyewe alikonda, akawa hafiki darini bila kupumzika njiani. Daktari alikwishamwambia avae barakoa, amwagie sakafu maji, aweke feni ya kutolea vumbi nje. Ghafur akacheka. Wanoaji wote wa kichochoro kile wanaamini sukari guru hulisukuma vumbi likashukia tumboni, mtu akabaki salama.

"Barakoa yangu hii hapa," alisema huku anatafuna.

Ukaidi gani huu! Nasrin alimpenda mume huyu, na kuna siku alitamani kumchapa mwiko.

Mama mkwe wake, Amma Sakina, hakutaka habari za daktari. "Mwanangu kapandwa na jini," alisema, akamwita Pirji, mganga wa majini wa mtaa wa pili.

Pirji alikuja na chetezo chake, akasikiliza kifua cha Ghafur, akatikisa kichwa. "Jini hufukuzwa kwa kile anachokikalia. Nichoteeni vumbi chini ya jiwe. Kisha fungeni milango na madirisha, zibeni nyufa zote kwa mablanketi. Akipata upenyo atatoka, halafu atarudi."

"Pirji, mtoto nimpeleke kwa jirani kwanza?" Nasrin alinong'ona. Mahnur, ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza, alikuwa amelala begani mwake.

"Mlango ukishafungwa haufunguliwi, binti yangu."

"Kaa chini, mkwe, usituaibishe," Amma Sakina akamkemea.

Moyo wake ulikataa, ukakataa kabisa, lakini Nasrin akakaa.

Pirji akamwaga vumbi lile juu ya makaa pamoja na mbegu za harmali za kufukuzia majini, akapepea, na moshi ukapanda na vumbi likapanda nao, likimeta katika mwanga mwekundu wa makaa, likiwaingia puani na kooni, na katika giza lile la mablanketi mlio ukaanza, kwanza chini kwa chini kifuani mwa Ghafur, kisha kutani, kisha sakafuni walipokalia, ukikua na kukua mpaka Nasrin akauhisi kwenye meno yake, akamkumbatia mtoto na kumfunika kwa mtandio, na Ghafur akafumbua mdomo, ikatoka sauti ambayo hakuwa nayo tangu azaliwe.

"Motoni tulifungwa pamoja," ilisema. "Chuma, kromi, nikeli, tukawa kitu kimoja, hatumdhuru mtu. Huyu akatusaga tukawa laini kuliko unga, kisha akatuvuta. Kifuani mwake mna unyevu. Humo tunafunguka, mmoja baada ya mwingine, tunaingia damuni."

"Toka!" Pirji alifoka. "Toka, mlaaniwa!"

"Nitoke niende wapi, Pirji?" sauti ikauliza kwa upole. "Si umefunga milango?"

Ghafur akakohoa kikohozi cha kupasua mbavu, akatema mate ya kijivu, akaanguka. Mlio ukakoma.

Amma Sakina alilia kwa furaha, akawapelekea majirani pilau. Pirji aliondoka ameshika kifua, akikohoa na kuulaumu moshi.

Kesho yake umeme ukakatika tena. Kichochoro kikanyamaza. Ghafur akavuta pumzi ndefu, ndefu kweli, na hapakusikika kitu.

"Umesikia? Nimepona, Mama Mahnur!"

Nasrin akacheka huku machozi yanamtoka. Akamwinamia mtoto aliyelala mapajani ili ambusu, na nywele zake laini zikanuka chuma cha moto. Akasogeza sikio kifuani pake. Halikuwa lile jiwe kubwa. Lilikuwa lile dogo, la mikasi ya macho, linazunguka taratibu.

"Baba Mahnur," aliita.

Ghafur alikuwa amekwisha kusikia. Alilitazama jiwe dogo, limesimama tuli. Akalitazama dirisha, bado limezibwa kwa blanketi. Kisha mkono wake, kwa mazoea ya maisha yake yote, ukaingia mfukoni.

"Mlete," alisema. "Mlete nimlambishe sukari guru."