Bi Mkubwa Ahamishwa Sauti

Fundi cherehani alikuwa na mabinti wawili waliolala chumba kimoja, nyuma ya duka lake. Wa kwanza aliitwa Bi Mkubwa kwa kupenda kuamrisha. Mdogo aliitwa Chiriku kwa kutofunga mdomo. Asubuhi walifagia vipande vya vitambaa, kisha wakaenda shuleni. Jioni walikwenda kwenye kwaya ya vijana.

Jioni moja mwalimu wa kwaya alizipima sauti zote upya. Alimweka Chiriku katika sauti ya kwanza, iliyo juu, akampa na ubeti wa kuimba peke yake siku ya mashindano. Bi Mkubwa, aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza, alihamishiwa sauti ya pili, iliyo chini yake.

Njiani Bi Mkubwa alitangulia kwa hatua ndefu.

"Dada, umenuna?" Chiriku aliuliza.

"Ninune kwa lipi? Kwa hako kasauti ka mbu?"

"Mbu huyo ndiye kapewa ubeti."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Tangu lini mdogo akapandishwa, mkubwa akashushwa? Walipofika nyumbani akajifungia katika stoo ya duka, katikati ya majora ya vitambaa, akaimba sauti ya kwanza kwa nguvu zake zote. Mabega yalipanda hadi masikioni. Kidevu kilielekea darini. Mishipa ya shingo ilimtoka.

Baba yake aligonga mlango. "Humo ndani ananyongwa nani?"

Mazoezi yaliyofuata, Bi Mkubwa alisimama na wenzake wa sauti ya pili, lakini akaimba ya kwanza, kusudi amfunike mdogo wake. Ilipofika noti ya juu, sauti ilikatika, ukabaki mkwaruzo.

Mwalimu alimwita pembeni. "Leo umeimba sauti ya nani?"

Bi Mkubwa alitazama sakafu. "Ya Chiriku. Mwalimu, mimi ndiye mkubwa. Kwa nini niwe chini?"

"Nani kakwambia sauti ni vyeo? Nilipima koo, sikupima umri. Sauti yako hutulia chini, ya mdogo wako hutulia juu. Ukiendelea kuilazimisha, siku ya mashindano utakaa na wasikilizaji."

Hilo lilimtisha.

Mwalimu aliwaambia wa besi, wenye sauti nzito ya chini kabisa, washike noti ya do, na Chiriku ashike so, iliyo juu. "Unasikiaje?" alimuuliza Bi Mkubwa.

"Kama pana uwazi katikati."

Mwalimu mwenyewe akaimba mi, noti iliyo kati ya hizo mbili. Uwazi ukajaa, sauti tatu zikawa kitu kimoja. "Hiyo mi ni kazi ya sauti ya pili. Chiriku hawezi kuimba so na mi kwa pamoja."

Bi Mkubwa alitabasamu. Ilimpendeza kusikia kwamba lipo jambo Chiriku haliwezi.

"Sasa pumzisha koo hadi mkwaruzo uishe," mwalimu aliendelea. "Usipige kelele, wala usinong'one. Kunywa maji. Ukirudi, anza kwa kuvuma polepole, midomo imefungwa, koo lipate moto. Weka mkono tumboni. Vuta pumzi kimya: tumbo litoke, mbavu zitanuke, mabega yatulie. Itoe kidogo kidogo. Legeza taya. Koo likiuma, acha."

Bi Mkubwa alitii, ingawa kila Chiriku alipoimba, alitamani kuziba masikio. Mkwaruzo ukaisha.

Siku ya mashindano, Chiriku alianza ubeti wake, wengine wakivuma chini yake. Hofu ikampata. Sauti yake ikaanza kushuka, na Bi Mkubwa akaisikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Wivu ukamwambia: mwache aaibike.

Bi Mkubwa hakuusikiliza. Alivuta pumzi hadi mbavuni, akaishika mi yake, laini na imara. Chiriku aliisikia, akapanda, akakaa mahali pake hadi mwisho wa ubeti.

Nje ya ukumbi baba yao alimkumbatia Chiriku. "Mwanangu, leo nimekusikia wewe tu."

Bi Mkubwa akageuza uso.

"Mimi, baba," Chiriku akajibu, "nilikuwa namsikia Dada tu."